Simu Inayosema

Msomaji, ukiingia dukani kununua kitu, yako mambo mawili unayoyapata hapo. Moja ni kitu chenyewe, na la pili ni namna unavyotendewa mpaka kitu hicho kifike mkononi mwako. La kwanza huandikwa katika risiti. La pili halina bei, na kwa sababu hiyo wauzaji wengi hulidharau. Mwenye macho akitendewa vibaya katika duka moja huvuka barabara akaingia jingine, na hasira yake huisha kabla hajafika upande wa pili. Nataka kukueleza habari za mnunuzi ambaye kuvuka barabara kwenyewe ni safari.

Mimi sioni. Surua iliniondolea nuru ya macho nilipokuwa na umri wa miaka 6, na tangu hapo nimesoma kwa vidole, kwa maandishi ya nukta aliyoyabuni Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809, ambaye naye alikuwa kipofu. Nafundisha historia katika shule ya sekondari. Siyataji haya kwa kutaka huruma yako. Nayataja ili ujue kwamba mshahara wangu ni kama wa walimu wenzangu, na shilingi yangu ina thamani ileile ya shilingi yako.

Yamkini wajiuliza kipofu ataka simu ya kioo ya nini, hali kioo ni kitu cha kutazamwa. Jibu lake ni kwamba tangu mwaka 2009 simu za kioo zimejifunza kujisoma. Katika iPhone programu hiyo huitwa VoiceOver, na katika simu za Android huitwa TalkBack. Kidole kikipapasa kioo, simu hutaja kilicho chini yake: jina la mtu, herufi au tarakimu. Ukitaka kufungua ulichokisikia, wagonga mara mbili. Kwa njia hiyo mimi husoma magazeti na barua, na hata insha za wanafunzi wangu wanaozipiga chapa. Tena programu hii hainunuliwi kando. Katika simu nyingi imo ndani tangu kiwandani, imelala tu, yangoja kuamshwa; na aghalabu yatosha kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, kwa sekunde chache. Walakini simu hazilingani. Katika zile dhaifu sauti hukokota miguu nyuma ya kidole, ukagusa mara tano ukasikia mara mbili. Hapana budi mnunuzi aijaribu simu kabla ya kulipa, kama vile wewe ujaribuvyo kiatu.

Na jambo hili si la anasa. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, simu imekuwa mkoba wetu. Simu yangu ya zamani ilikuwa ile ndogo ya tochi, ambayo watu huiita mulika mwizi, nayo haikuwa na sauti. Kila nilipotaka kutuma fedha nilimpa mtu simu, nikamtajia na nambari yangu ya siri. Ilifika siku nambari hiyo, ya tarakimu 4 tu, ikajulikana na watu watatu. Kisha nikaambiwa kwamba zimepungua shilingi 2,000. Wote watatu nilikuwa nikiwapenda, na sikuweza kujua nimshuku nani. Zile fedha nilizifidia kwa mshahara wa mwezi uliofuata. Lile shaka lilikaa nami muda mrefu zaidi.

Basi mwaka 2023, katika likizo ya Agosti, nilikwenda na mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, katika duka moja kubwa mjini Nairobi. Mwuzaji alimwuliza kijana, "Mzee anataka nini?" Nikajibu mwenyewe, kwamba nataka simu ya kioo yenye kusema, bei yake isizidi shilingi 18,000.

"Mwambie simu za vipofu hatuna," akamwambia mpwa wangu. "Hizo huagizwa ng'ambo. Mchukulie hii ya tochi, ina vitufe vikubwa."

Nikamweleza kwamba simu ninayoitaka imo miongoni mwa zile alizozipanga mezani, nikamwomba aniruhusu kuijaribu moja. Akasema hizo si za kuchezea, tulipe kwanza. Wakati huo mpwa wangu alikuwa amekwisha kuishika moja na kubonyeza vile vitufe viwili. Simu ikaanza kusema. Mwuzaji akainyakua. Alipoigusa ikataja jina la kitu alichokigusa, lakini haikufunguka, kwa kuwa hakujua kwamba sasa yapasa kugonga mara mbili. Akazidi kugusa, nayo ikazidi kusema. Ndipo alipopaza sauti kwamba tumeiharibu na lazima tuilipe, akamwita askari wa mlangoni. Nilisikia viatu vya watu vikikaribia kutoka kila upande. Nikaomba simu niirudishe ilivyokuwa, akakataa kunipa. Mkubwa wake alipokuja, akaiweka mkononi mwangu. Nikabonyeza vile vitufe, ikanyamaza. Hakuna aliyesema pole. Alilolisema mwuzaji, tena kwa mpwa wangu, ni hili: "Haya, mpeleke." Ng'ombe pia hupelekwa.

Simlaumu kijana yule kwa kutojua. Namlaumu kwa kuwa mnunuzi alimweleza kwa kinywa chake, asisikie, kwa sababu alikwisha kuamua kwamba mimi si mtu wa kusemezana naye. Na zaidi yake namlaumu mwenye duka aliyemweka pale. Kijana huyo alijua kwa moyo idadi ya kamera za kila simu na rangi zake. Nilimsikia akiwatajia wengine bila kusita. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi kikamilifu kitu anachokinunua, na kifungu cha 54 chataka mwenye ulemavu atendewe kwa heshima. Sina hakika kama maneno hayo yamewahi kusomwa upande ule wa meza.

Tukaenda Luthuli Avenue, ambako vibanda vya simu vimebanana kama mahindi katika gunzi. Mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Habari hiyo siijui, mwalimu, lakini hebu tujaribu," akanisogezea kigoda. Nilijaribu simu tatu kwa muda upatao saa nzima, naye akawa akiwahudumia wengine juu ya kichwa changu. Ya kwanza ilikokota. Ya pili iliniacha njiani. Ya tatu ilikwenda sawa na kidole changu, na bei yake ilikuwa shilingi 16,500. Nilipokwisha kulipa, aliniomba nimwonyeshe tena vile vitufe, akaandika kwa kalamu juu ya boksi.

Usiku ule nilibadili nambari yangu ya siri, nikatia kisikizi sikioni, nikamtumia dada yangu shilingi 1,000, nyumba ikiwa imejaa watu. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, nambari mpya ni ipi?" Nikamwambia ale chakula chake.