LUKU Moja, Vyumba Sita

Aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga yenye LUKU moja hahitaji kusimuliwa ugomvi wake. Sisi tuko vyumba sita, Mbagala, na mimi ndiye ninayekusanya hela za umeme. Kila chumba kilikuwa kikitoa sawa. Zamani uniti zikiwahi kuisha, lawama zinaanza: mwenye friji anatazamwa kwa jicho baya, mwenye pasi anasemwa uani, kijana anayelala na feni anaambiwa ana maisha ya kitajiri. Kuna usiku nilibishiwa hodi na mama mmoja mtu mzima, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hivi hela yangu inaliwa na nani?" Sikuwa na jibu la kumpa, na swali lile lilinikaa moyoni.

Taa hakuna aliyezishuku. Mjomba wangu, fundi umeme wa siku nyingi, ndiye aliyekuja kutusalimia jioni moja, akainua macho na kuuliza, "Hiyo globu ya nje ya wati ngapi?" Ilikuwa ya wati 100. Huwashwa magharibi na kuzimwa kukikucha, kwa ajili ya wezi na kwa sababu choo chetu kiko uani. Mjomba akapiga hesabu palepale. Wati 100 kwa muda wa saa 12 ni uniti 1.2 kila usiku, na kwa siku 30 ni uniti 36. Globu moja hiyo! Vyumbani kila mtu alikuwa na yake ya wati 60. Ikiwaka kwa muda wa saa 5 tu kila siku, inamaliza uniti 9 kwa mwezi, na kwa vyumba sita ni uniti 54. Jumla uniti 90, friji bado haijatajwa.

Nilipowaeleza wenzangu hawakuamini, na sikushangaa. Nyumba ikishazoea kutiliana shaka, hesabu za mtu mmoja ni maneno tu. Mjomba akasema basi tuiulize mita yenyewe.

Mita ya LUKU ina taa ndogo nyekundu inayopepesa. Yetu imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba ikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwisha. Tukakubaliana Jumapili asubuhi kila chumba kizime kila kitu, na friji ichomolewe. Mzee wa chumba cha mwisho akashika simu kuangalia saa, watoto wakajaa koridoni, nikawasha globu ya nje peke yake. Mita ikapepesa. Tukahesabu kwa pamoja: sekunde 36, ikapepesa tena. Sekunde 36 nyingine, tena. Nikaichomoa kwa kitambaa maana ilikuwa ya moto wa kuunguza, nikapachika ya LED ya wati 15 niliyoinunua Kariakoo. Mwanga ulikuwa uleule, na macho yangu yaliniambia ni mweupe zaidi. Tukasubiri. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mtoto mmoja akasema mita imeharibika. Mzee akamwashiria anyamaze. Ilipotimia dakika ya nne ndipo ikapepesa.

Yule mama hakusema neno. Akafungua fundo la khanga yake, akanikabidhi hela ya globu ya chumbani kwake. Wengine wakafuata siku hiyohiyo.

Tangu hapo nimependa kuelewa kilichokuwa kikitokea juu ya vichwa vyetu. Globu ya zamani ina uzi mwembamba wa tangsteni, na ili utoe mwanga lazima umeme uupashe moto hadi nyuzi joto 2,500 hivi. Sehemu kubwa mno ya umeme inaishia kwenye joto. Mwanga haupati hata moja ya kumi. Kwa joto la Dar es Salaam la mwezi wa kwanza, maana yake tulikuwa tukinunua umeme wa kupasha chumba moto, kisha tunanunua mwingine wa feni kukipoza. LED haihitaji uzi wa moto. Ile taa nyekundu ya kwenye mita nayo ni ya ukoo huo, maana LED nyekundu ilikuwepo tangu 1962. Mwanga mweupe ulichelewa kwa sababu ulihitaji LED ya buluu, na walioipata, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Nadhani ni tuzo chache zilizoingia hadi uani kwa watu kama hiyo.

Jirani mmoja alitaka tununue zile taa za mrija uliojipinda, kwa kuwa nazo zinabana umeme. Ni kweli zinabana, lakini ndani zina zebaki, na nyumba yetu ina watoto. Ikivunjika inabidi kufungua madirisha, kuwatoa watoto nje, na kuzoa vipande kwa karatasi ngumu bila kufagia. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilishakubaliana mwaka 2022 kwamba utengenezaji wake ukome ifikapo 2025. Mimi nilikataa, na ningekataa tena leo.

Unapokwenda dukani kununua globu ya LED, usiangalie wati peke yake. Soma lumeni kwenye boksi. Anayetaka mwanga wa globu ya wati 60 atafute lumeni 800 hivi; wa ile ya 100, lumeni 1,500. Mwambie muuzaji aiwashe, kisha iangalie kwa kamera ya simu. Ukiona mistari inatembea, mwanga wake unatetemeka na utakuchosha macho, hasa kama una mtoto anayesoma usiku. Kwa chumba cha kulala unafaa mwanga wa njano. Na usiifungie ndani ya kikombe cha kioo kisichopitisha hewa, kwa kuwa sehemu yake ya chini nayo hupata moto na itakufa mapema.

Vyumbani tuliweka za wati 9. Uniti 90 za taa zikashuka hadi 13 na nusu. Kwa zaidi ya shilingi 350 tunazolipia kila uniti, ni kama Sh 27,000 zinazobaki mifukoni mwetu kila mwezi, na hizi ni nyumba ambazo Sh 27,000 ni unga na maharage. Jambo jingine sikulitarajia: jioni umeme ukishuka, globu za zamani zilikuwa zinabaki uzi mwekundu tu, lakini hizi hazijawahi kututupa gizani.

Baada ya taa tukaendelea kuiuliza mita. Feni ya yule kijana ilipepesa baada ya zaidi ya dakika moja, akaachwa alale kwa amani. Friji huwaka na kupumzika, kwa hiyo tulisoma uniti zake mchana kutwa, na mwenyewe alipoziona akasema ataongeza mchango wake bila kusukumwa. Mama mwenye nyumba naye ameandika kwenye karatasi ya mkataba kwamba mpangaji mpya anaingia na globu ya LED, au asubiri tumnunulie kwa hela yake.