Sahani za Hoi An na Zidaka za Kwetu

Waarabu walioandika habari za safari za Uchina na Bara Hindi mnamo mwaka 237 Hijria, yaani 851 Miladia, walitaja nchi iitwayo Sanf. Marikebu zilitua huko kuteka maji matamu, na kutoka huko ulisafirishwa udi uliojulikana kwa jina la nchi yenyewe: udi wa Sanfi. Nchi hiyo ni Champa, ufalme wa kale wa watu wa Cham katika pwani ya kati ya Vietnam ya leo. Kiarabu hakina sauti ya "ch" wala ya "p", basi Champa ikageuka Sanf. Jina hilo tulilizoea vitabuni miaka mingi kabla ya Mwenyezi Mungu kutujaalia kuiona pwani yenyewe, mume na mke, na begi moja kila mtu.

Mji tulioukusudia ni Hoi An, karibu na mdomo wa mto Thu Bon, mwendo wa kama kilomita 30 kutoka Da Nang penye uwanja wa ndege. Zamani ulikuwa bandari ya Wacham. Baadaye, kuanzia karne ya 16, ulijaa wafanyabiashara wa Kijapani, Kichina, Kireno na Kiholanzi. Kisha mto ukajaa mchanga, meli kubwa zikahamia Da Nang, na Hoi An ikalala. Usingizi huo ndio ulioiponya, kwani hapakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya. Msomaji wetu wa Lamu hahitaji kuelezwa zaidi. UNESCO iliutia mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999, na Lamu ikafuata mwaka 2001.

Tikiti ya mji mkongwe kwa mgeni ilikuwa dong 120,000, kama shilingi 600 za kwetu, nayo humruhusu mtu kuingia sehemu kadhaa azichague mwenyewe. Sisi tulianza na Makumbusho ya Vyombo vya Biashara, barabara ya Tran Phu, nambari 80. Ni nyumba ya mbao ya ghorofa moja, yenye ua wa wazi katikati, na ndani ya makabati ya vioo mna sahani, bakuli, mitungi na vigae vilivyofukuliwa ardhini au kuopolewa baharini: vya Uchina, vya Japani, vya Vietnam yenyewe, na vingine vya Mashariki ya Kati.

Mama alisimama mbele ya kabati la sahani za buluu na nyeupe, akakaa kimya kitambo. Halafu akasema, "Baba, hizi si zile za zidaka za nyanya?" Naam, ni ndugu zake. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilijengewa zidaka ukutani, safu juu ya safu, na humo kina nyanya zetu walipanga kauri za Uchina ambazo hazikuliwa chakula ila kwa mgeni mkubwa. Katika nguzo ya kaburi kule Mambrui yamepachikwa mabakuli ya aina hiyo hiyo. Tumekua tukiyaona, na kwa kuwa tumeyazoea hatukuyauliza yalitoka wapi.

Jibu liko katika vigae vidogo kuliko katika sahani nzima. Kwenye kisiwa cha Cu Lao Cham, mbele ya mdomo wa mto, wachimbuzi walipata vipande vya mitungi yenye rangi ya feruzi iliyotoka nchi za Kiislamu, pamoja na vigae vya bakuli za Changsha za Uchina, vya zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mitungi ya namna hiyo na bakuli za namna hiyo zimefukuliwa Manda, na pia Shanga katika kisiwa cha Pate, mahali palipokuwa na msikiti tangu karne ya 8. Hatusemi kwamba jahazi moja lilikwenda kote kuwili. Bidhaa zilipita mikono mingi na bandari nyingi. Lakini mtungi uliovunjika Shanga na ule uliovunjika Cu Lao Cham walikuwa wa soko moja, na huenda waliokuwa wakiufunika kwa kawa na kuchota humo walikuwa wanawake.

Hadithi nyingine ya Cu Lao Cham ni chungu. Jirani na kisiwa hicho ilizama merikebu ya karne ya 15 iliyopakia vyombo vya Vietnam, vingi vyao kutoka tanuri za Chu Dau za kaskazini. Ilichimbuliwa baina ya mwaka 1997 na 1999, zikatoka zaidi ya kauri 240,000. Makumbusho ya nchi yalibakisha fungu lake pamoja na vile visivyokuwa na mfano, na vingi vilivyosalia vikauzwa kwa mnada Marekani mwaka 2000. Gharama za kuzamia zilikuwa kubwa na walioziweka fedha zao walitaka zirudi, hilo tunalielewa. Hata hivyo, shehena iliyokaa pamoja kwa miaka 500 chini ya bahari ilitawanyika kwa siku chache. Linganisha na meli ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697: vitu vilivyoopolewa humo viko Mombasa, na mtoto wa shule huweza kwenda kuvitazama.

Ipo chupa moja kubwa ya kazi hiyo ya Vietnam katika jumba la Topkapi, Istanbul. Imeandikwa mwaka unaolingana na 1450, na jina la ukoo wa Bui. Baadhi ya wataalamu husoma maandishi hayo kuwa ni jina kamili la mwanamke, Bui Thi Hy, aliyeichora. Wengine husema neno la mwisho ni "kwa kujifurahisha" tu. Mama ameshachagua upande wake, wala hashauriki.

Kutoka hapo tulizuru nyumba. Hili ndilo linaloitofautisha Hoi An: makumbusho mengine yana wenyewe ndani. Nyumba ya Tan Ky imekaliwa na vizazi saba vya ukoo mmoja, na ukutani pana alama za mafuriko, mojawapo ya juu kabisa ikiwa ya mwaka 1964. Katika nyumba ya Phung Hung, sakafu ya juu ina tundu lenye kifuniko ambalo kwalo bidhaa na samani hupandishwa mto unapofurika. Bibi wa makamo alitukaribisha chai kwa ishara, akatuonyesha pambo la chaza lililopachikwa kwenye nguzo. Madhabahu ya wazee wao ipo sebuleni. Tulisimama kando kwa adabu, na hakuna aliyetutaka tufanye zaidi ya hapo.

Lakini tusiusifu mji kupita kiasi. Wenye nyumba wengi wamepangisha wafanyabiashara na kuhamia nje, na mitaa mizima sasa ni maduka ya fundi cherehani na taa za karatasi. Nyumba imebaki, waliokuwa wakiizungumza wameondoka. Kwetu nako, mlango wa kuchonga hung'olewa usiku na asubuhi umeshapata mnunuzi, na sahani ya nyanya hubadilishwa kwa ya plastiki na mpita njia mwenye maneno matamu. Akina mama wanaotusoma, mnayo nyumbani? Nani aliileta, na aliletewa na nani? Andikeni kwenye karatasi, muiweke nyuma yake, kabla mwenye kujua hajatangulia mbele ya haki.

Tulimalizia katika nyumba ya sanaa ya mpiga picha Mfaransa Réhahn, iliyoitwa Precious Heritage, ambayo haikutoza kiingilio. Mlikuwa na picha na mavazi ya makabila yote 54 ya Vietnam, na baadhi ya mavazi alikabidhiwa na wazee wenyewe. Wacham nao walikuwamo. Wengi wa Wacham wa mkoa wa An Giang, kusini kabisa, ni Waislamu wenzetu wa Kisunni, na safari ya kuwazuru tunaiweka katika nia.

Kwa atakayekwenda: cao lau, chakula kinachosifiwa mjini humo, hupikwa kwa nyama ya nguruwe, basi ulizeni kabla ya kuketi, sisi tulishikamana na samaki, wali na mboga. Msiende Oktoba wala Novemba, mto huingia majumbani. Na udi upo madukani, ila mti wenyewe wa msituni umekatwa hadi kukaribia kwisha, na mwingi unaouzwa sasa ni wa mashambani. Ule mzuri ulitushinda bei.