Kolo: Picha za mababu zinazosomwa kwa kamera

“Shangazi, mimi sioni kitu!”

Binti wa kaka yangu, mwenye miaka 9, alikuwa amekata tamaa. Tulikuwa tumetoka jijini Dodoma alfajiri, tukasafiri kilomita zipatazo 180 kuelekea Babati hadi Kolo, wilayani Kondoa, kisha tukapanda mlima kwa miguu. Mbele yetu ulikuwa mwamba wenye madoa mekundu tu.

“Mwagia maji kidogo, yatatokea,” alisema mgeni mmoja, akifungua chupa yake. Mwongozaji wetu alimzuia haraka. Maji hung’arisha picha kwa dakika chache, lakini huiharibu taratibu. Mikono yenye jasho na mafuta nayo huiharibu.

Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa huku akiinakili kwa mkono, mwamba baada ya mwamba. Leo watafiti hupiga picha ya kawaida, kisha huipitisha kwenye programu iitwayo DStretch, iliyotengenezwa na Mmarekani Jon Harman. Programu hiyo hutenganisha rangi zinazokaribiana, hivyo wekundu uliofifia unajitokeza. Mbinu yenyewe ilianzia kwenye picha zinazopigwa kutoka angani.

Kwa sisi tunaoandika habari za afya, hii ni kama ultrasaundi: daktari anamwona mtoto tumboni bila kumgusa.

Na imezaa matunda mkoani humu humu. Mwaka 2018 mtafiti Maciej Grzelczyk kutoka Poland alikuta michoro ya Amak’hee 4 katika pori la akiba la Swaga Swaga. DStretch ilisaidia kusoma sehemu zilizofifia, wakiwemo watu watatu wenye vichwa vinavyofanana na vya nyati. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021.

Lakini kamera haiwezi kurudisha rangi iliyokwisha kusuguliwa. Baadhi ya mapango ya Kondoa yamechimbwa na watu wanaotafuta hazina wanayoamini iliachwa na Wajerumani. Udongo wenye historia umepinduliwa, na hakuna programu ya kuupanga upya.

Mzazi, ukipanga safari, anzia ofisi ya pale Kolo upate mwongozaji. Beba maji ya kunywa, kofia na viatu vya kufunga. Waeleze watoto mapema: kuangalia ruksa, kugusa hapana. Kumbuka pia kuwa kwa Warangi, Mungumi ni mahali pa matambiko hadi leo. Tuingie kwa heshima.

Jua lilipogeuka, mwongozaji alituonyesha kwa kidole, bila kugusa: kichwa chenye nywele nyingi, shingo, miguu mirefu myembamba.

“Shangazi, huyu hapa! Ni mtu!”

Hakuhitaji maji. Alihitaji subira tu, nami nilihitaji kumsubiri.