Pesa ya Katiba na Kipindupindu cha Mpala

Mpala – Kila mara kipindupindu kinapozuka pwani ya ziwa Tanganyika, wakaaji wa Mpala wanauliza jambo moja: klorini iko wapi? Muuguzi anauliza zone ya afya. Sultani anauliza teritware. Teritware inatazama Kalemie, na Kalemie inatazama Kinshasa. Swali linaposafiri hivyo, mgonjwa hangoji. Mtu anayeharisha maji meupe kama ya mchele anaweza kufa ndani ya masaa machache asiporudishiwa maji mwilini.

Klorini ni pesa. Pampu ya maji ni pesa. Mafuta ya mtumbwi wenye mota wa kupeleka mgonjwa ni pesa. Na pesa hiyo, sheria ilikwisha kuichorea njia.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 175, inasema kwamba majimbo yana haki ya 40% ya mapato ya taifa, na kwamba sehemu hiyo inakatwa palepale pesa inapokusanywa, kabla haijapanda Kinshasa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaongeza: katika sehemu ya jimbo, 40% ni ya miji, mitaa, sekta na sheferi. Tupige hesabu ya sokoni. Serikali ikikusanya franga 100, franga 40 ni za majimbo. Katika hizo 40, franga 16 zinagawanywa kati ya miji, mitaa, sekta na sheferi za nchi nzima. Hiyo si zawadi ya mkubwa yeyote. Ni haki.

Lakini njia hiyo haifuatwi. Pesa yote inapanda kwanza Kinshasa, kisha inateremka kidogo kidogo, ile ambayo viongozi wanaita retrosesioni. Kinshasa inajibu kwamba mishahara ya walimu na waganga wa serikali walio majimboni inahesabiwa pia ndani ya sehemu hiyo. Jibu hilo lina ukweli wake, kwa sababu mwalimu anahitaji mshahara. Lakini mshahara hauchimbi kisima. Majimbo nayo yanalaumiwa na sheferi: kidogo kinachofika makao makuu ya jimbo, hakishuki chote mpaka chini. Kwa hiyo anayekamata mkia wa kamba ni sultani, na nyuma yake mama anayechota maji ziwani kwa bidoni.

Mwaka 2017 Kongo ilihesabu wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 55,000, na zaidi ya 1,000 walikufa. Mwezi wa Mei 2025 serikali ilitangaza tena rasmi ugonjwa huo, na Tanganyika ilikuwa kati ya majimbo yaliyoguswa. Mara nyingi, wa kwanza kufika na hema, seramu na vitanda vya kipindupindu ni mashirika kutoka nje. Wanastahili shukrani. Lakini shirika lina mradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Mwaka huohuo wa 2025 Marekani ilifunga shirika lake la USAID, na watu wakaona jinsi msaada wa nje unavyoweza kukatika ghafla. Sheferi haina tarehe ya mwisho. Itabaki, na ziwa litabaki, na watu wataendelea kunywa maji yake.

Jambo hili linagusa zaidi familia zilizohama makwao. Sheria inasema pesa igawanywe kwa kutazama uzalishaji, ukubwa wa eneo na hesabu ya watu. Hesabu gani? Kongo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Familia zilizokimbia vita kati ya Batwa na Wabantu tangu mwaka 2016, zikajenga vibanda vya majani kandokando ya Kalemie na katika vijiji vingine, hazimo katika hesabu hiyo. Wanatumia choo kilekile na kuchota maji palepale na wenyeji, lakini katika mgawo wa pesa ni kama hawapo. Mwenyeji akimnung'unikia mgeni kwamba amemaliza maji, ajue kwamba wote wawili wamenyimwa na mkono mmoja.

Tena kuna pengo la pili. Mwezi wa Desemba 2023 wananchi walichagua washauri wa mitaa katika miji mikuu ya majimbo tu. Sheferi hazina washauri waliochaguliwa. Basi mvuvi aliyelipa kodi, au mama muuza ndagala aliyelipa ushuru wa soko, amuulize nani pesa imeenda wapi?

Dawa ya kwanza haiombi bajeti kubwa: karatasi ukutani. Jimbo liandike limepokea kiasi gani, limeshusha kiasi gani kwa kila sheferi, mwezi kwa mwezi. Sheferi nayo ibandike yake mbele ya ofisi, kwa Kiswahili, ili kila mtu asome. Wabunge wa Tanganyika walioko Kinshasa wadai kifungu cha 175 kila bajeti inapopita mikononi mwao, si wakati wa kampeni tu.

Na kabla pesa haijafika, uhai haungoji. Chemsha maji ya kunywa. Nawa mikono kwa sabuni au majivu. Mtu akianza kuharisha, mpe maji safi lita moja yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo, na apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, hata usiku. Akiwa mwenyeji au mkimbizi, apokelewe sawasawa.