Haki ya njia: Kwa baiskeli kutoka Mikumi hadi Mto Kilombero

 

Mwezi Julai uliopita tulifunga safari ya baiskeli, sisi watu saba wa msikiti mmoja wa hapa Morogoro, kutoka Mikumi hadi kwenye daraja la Mto Kilombero, mbele kidogo ya mji wa Ifakara. Mkubwa wetu alikuwa ustadhi wa madrasa aliyekwisha kuvuka miaka 50, na mdogo wetu kijana wa kidato cha pili aliyepewa idhini na wazazi wake. Tunaandika ili familia zenye vijana wapenda baiskeli ziijue njia hii. Tunaandika pia kwa sababu yalitokea njiani mambo ambayo si ya kujisifia, nasi tumeona tusiyafiche.

Kutoka Morogoro hadi Mikumi tulipanda basi na baiskeli zetu zikafungwa juu. Barabara kuu ya Iringa ina malori mengi, na kwa takriban kilomita 50 inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, wanamopita tembo, nyati na hata simba. Hapo si mahali pa baiskeli, na mzazi asikubali mwanawe ajaribu.

Tulilala Mikumi mjini. Baada ya Swala ya Alfajiri, kulipopambazuka vizuri, tuliiacha barabara kuu tukashika njia ya kusini. Kutoka hapo hadi Ifakara ni zaidi kidogo ya kilomita 100. Sehemu ya kwanza, yapata kilomita 35 hadi Kidatu, ina vilima na miti ya miombo pande zote mbili. Kwa jumla njia inateremka, kwa hiyo kwenda ni raha. Atakayetaka kurudi kwa baiskeli ajue kwamba kila mteremko alioufurahia atakuja kuupanda.

Katika sehemu hiyo ndipo basi moja lilipotupita karibu mno. Dereva hakupunguza mwendo wala hakusogea upande. Kishindo cha upepo wake kilitutupa nje ya lami, na kijana wetu mdogo akaenda kusimama katikati ya majani akitetemeka. Hakuna aliyeumia, Alhamdulillah. Lakini tulikasirika sana, na kwa mwendo wa saa nzima mazungumzo yetu yakawa ni juu ya madereva wasiojali roho za watu. Tunamwomba msomaji aikumbuke hasira yetu hiyo, kwani tutairudia.

Baada ya Kidodi miti iliachia nafasi mashamba ya miwa, na harufu tamu ya kiwanda cha sukari ikatupokea kabla hatujakiona. Hapo Kidatu tuliuvuka Mto Ruaha Mkuu. Mto huu unakusanya maji yake kutoka bonde la Usangu, unapita bwawa la Mtera, kisha bwawa la Kidatu, na katika mabwawa yote mawili unazalisha umeme unaowasha taa hata katika misikiti yetu ya mjini. Tulisimama darajani tukanywa maji, na ustadhi akawauliza vijana ni nani kati yao aliyewahi kuzima taa ya msikitini huku akiufikiria mto. Walicheka, lakini hakuna aliyejibu.

Kuanzia Kidatu hadi Ifakara ni takriban kilomita 67 za lami. Waliowahi kupita miaka ya nyuma wanaikumbuka njia hii kwa vumbi la kiangazi na tope la masika lililokuwa likinasa malori. Leo msafiri anakwenda kwa utulivu, na upande wake wa kulia milima ya Udzungwa haimwachi. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na ina eneo la kilomita za mraba 1,990. Msitu wake unaanzia karibu na barabara na kupanda hadi vileleni bila kukatika, jambo ambalo ni nadra katika Afrika Mashariki. Wamo wanyama wasiopatikana penginepo duniani, akiwemo kima wa Sanje, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979 tu. Kutoka Sanje yanaonekana kwa mbali maporomoko yenye jina hilo hilo, yanayoanguka takriban mita 170 kwa hatua tatu, kama kitambaa cheupe kilichoanikwa mlimani.

Kila baada ya mwendo mfupi barabara inavuka kijito kitokacho msituni: maji safi, ya baridi, yakikimbia juu ya mawe. Upande wa kushoto maji hayo yanaingia mashambani, na ndiyo yanayootesha mpunga unaolisha miji mingi ya nchi yetu. Katika kijito kimojawapo tulitawadha kwa Swala ya Adhuhuri. Kijana mmoja alikuwa akijimwagia maji kwa viganja vilivyojaa, na ustadhi akamkumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuepuka israfu ya maji hata mtu anapotawadha kwenye mto unaotiririka. Katika madrasa tunalisoma fundisho hili mbele ya bomba lenye mgao. Kulisikia mtoni ni jambo jingine.

Usiku huo tulilala Mang'ula, penye makao makuu ya hifadhi. Siku ya pili ilikuwa Ijumaa. Sisi tulikuwa wasafiri, na kwa msafiri Swala ya Ijumaa si wajibu. Lakini tulitamani mno kuiswali Ifakara pamoja na ndugu zetu. Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya pancha mbili na mnyororo mmoja uliokatika. Ilipofika saa nne na nusu tulikuwa bado na safari ndefu mbele yetu, na jua limekwisha kuwa kali. Basi tukaongeza mwendo. Tulikuwa tukienda wawili wawili, wengine watatu watatu, tukizungumza na kushindana.

Mbele yetu alikuwa mzee mmoja juu ya baiskeli yake ya chuma, amefunga gunia la mpunga kwenye keria, akienda polepole ukingoni mwa lami. Tulimpita kwa kasi pande zote mbili bila kumpa ishara yoyote. Mzee alishtuka, usukani ukamponyoka, akaanguka yeye na mzigo wake. Gunia lilipasuka, na mpunga ukamwagika barabarani.

Wa mbele wetu walikuwa wamekwisha kwenda mbali. Tuliobaki nyuma tulisimama, na hapo mmoja wetu akasema jambo ambalo mwenyewe ameturuhusu tuliandike: "Tumwachie fedha twende, tutaikosa Ijumaa." Ustadhi alikuwa tayari amepiga magoti akimshika mzee mkono. Alimjibu bila kunyanyua kichwa, "Ijumaa Mwenyezi Mungu ametusamehe kwa kuwa tu safarini. Huyu hajatusamehe bado."

Tuliwaita wenzetu wakarudi. Mzee alikuwa amechubuka kiwiko na goti, na gurudumu la nyuma la baiskeli yake lilikuwa limepinda. Tulimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya upole iliyotutia aibu zaidi kuliko kama angetukemea. Vijana waliinama wakaokota mpunga kwa viganja, punje kwa punje, wakitenga mchanga, na bodaboda waliokuwa wakipita walisimama kutusaidia. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu. Kisha wawili wetu waliibeba baiskeli hadi kwa fundi wa kijiji cha mbele, na wengine tukamsindikiza mzee kwa miguu hadi zahanati akaoshwa majeraha.

Tuliosoma fiqhi tunajua kwamba anayeharibu mali ya mtu analazimika kuifidia, hata kama hakukusudia. Kutokukusudia kunaondoa dhambi, hakuondoi dhamana. Tulilipa fundi, tukanunua gunia jipya, na tukakadiria mpunga uliopotea. Mzee aliikataa fedha ya mpunga. Ustadhi alimsihi kwamba ile si sadaka, bali ni haki yake, na kama hataichukua itabaki shingoni mwetu. Ndipo akaipokea. Tulipomwomba radhi alitutazama, akazitazama baiskeli zetu nyembamba zilizosafishwa zikang'aa, akauliza, "Wanangu, hizi hazina kengele?"

Hazikuwa nazo. Wengine wetu tulizing'oa wenyewe ili kupunguza uzito.

"Mkipita tena," alisema, "pigeni kengele. Mtu akisikia atawapisha."

Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza chini ya mwembe karibu na zahanati, wakati misikiti ya Ifakara ilikuwa imekwisha kumaliza Ijumaa. Baada ya swala hakuna aliyezungumza juu ya dereva wa basi la jana. Mtume (S.A.W.) aliwafundisha maswahaba kwamba njia ina haki zake, na miongoni mwa hizo ni kuzuia maudhi na kurudisha salamu. Tulikuwa tukiidai haki hiyo kwa wenye magari, na siku ya pili tu tukamnyima aliye dhaifu kuliko sisi. Na tulimnyima tukiwa njiani kwenda kwenye ibada, jambo ambalo kila mwenye haraka ya kheri alizingatie.

Tuliingia Ifakara jioni. Sijui kama upo mji mwingine wenye kuiheshimu baiskeli namna hii. Akina mama waliovaa baibui wanaendesha na vikapu vya soko, wanafunzi wanabebana, mvuvi anafunga samaki nyuma, na katikati ya wingi huo kengele zinalia huku na huko bila ugomvi. Tulijiona wageni wa fani tuliyodhani tunaijua.

Asubuhi ya Jumamosi tulimalizia kilomita chache hadi mtoni. Daraja la Magufuli lina urefu wa mita 384 na lilizinduliwa Mei 2018. Kabla yake watu walivuka kwa kivuko, na wenyeji hawajasahau Januari 2016 kivuko kilipopinduka katika mto huo. Kilombero ukiungana na Luwegu huzaliwa Rufiji, na Ruaha Mkuu tuliouvuka siku ya kwanza huja kujiunga nao huko chini. Vijana walifurahi kujua kwamba mito yao miwili inafika baharini ikiwa mmoja.

Kwa familia zitakazopenda kuifuata njia hii, tunashauri mambo machache. Msimu mzuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Ondokeni mapema, mpumzike jua linapopanda, na kila mtu awe na maji, kofia ngumu, taa na kitambaa kinachong'aa. Nendeni mmoja nyuma ya mwingine. Wenye watoto wadogo waishie kipande cha Mang'ula hadi Sanje na kurudi. Na wanaotaka kuyafikia maporomoko walipe kiingilio cha hifadhi na waongozwe na mwenyeji wa huko. Atokaye Morogoro kwenda Ifakara amefikisha masafa ya kupunguza swala, basi asiikatae ruhusa ya Mola wake.

Na kila baiskeli iwe na kengele. Kamati yetu imeliandika hilo kuwa sharti la kwanza kwa kijana yeyote atakayejiunga na safari ijayo, Insha Allah. Tukijaaliwa, safari hiyo itasimama kwanza kwa yule mzee, tumjulie hali.

Wabillahi tawfiq.