Mwamba wa Kamegeri

Msafiri atokaye Kigali kwenda Huye, akisha kupita Muhanga, huingia wilaya ya Ruhango, ambako kando ya barabara upo mwamba uitwao kwa Kinyarwanda Urutare rwa Kamegeri. Kwa macho ni jiwe tu. Masimulizi yasema kwamba Mfalme Mibambwe Gisanura, aliyesifika kwa kupenda haki, aliuliza mkosaji mmoja aadhibiwe vipi. Kamegeri, mtu wa baraza lake, akashauri mwamba uchomwe moto hata uwe mwekundu, kisha mtu yule atupwe juu yake. Mfalme akamwachia kazi hiyo. Kuni zikakusanywa, moto ukakokwa. Mwamba ulipoiva kama kaa, ikatoka amri: atupwe Kamegeri mwenyewe! Wengi huisifu hukumu hiyo. Lakini mwamba ulichomwa kwa idhini ya mfalme.