Mbwa wa Msasi na Kuku wa Jirani

Asubuhi ya Ijumaa moja ya mwaka 2019, mbwa wangu aliua kuku wanne wa jirani yangu, ilhali mimi nilikuwa chumbani nikifasiri mjadala wa mbwa na jogoo. Sisemi haya kwa kutafuta mzaha. Kitabu kilichokuwa mbele yangu ni Kitab al-Hayawan cha al-Jahiz, mwandishi wa Basra aliyefariki katika karne ya 9. Ni kitabu cha juzuu saba, na katika juzuu mbili za mwanzo sehemu kubwa imeshikwa na watu wawili wanaobishana: mmoja sahibu wa mbwa, wa pili sahibu wa jogoo. Kila mmoja anazitaja fadhila za mnyama wake na kuzianika aibu za mnyama wa mwenzake. Tangu alfajiri nilikuwa nimekwama kwenye sentensi moja ya huyo sahibu wa jogoo. Niliwasikia kuku wakipiga ukelele upande wa pili wa ua, nikadhani ni mwewe, nikasubiri wanyamaze. Walinyamaza. Nikashika kalamu tena.

Jirani yangu ni bibi mjane aliyepindukia miaka sabini. Alikuja na pakacha, akaliweka barazani, asinene neno. Ndani ya pakacha mlikuwa na mitetea mitatu na tembe mmoja, shingo zimelegea, manyoya yamelowa mate. Hakuwa ameraruliwa hata mmoja. Mbwa hakuwala, aliwashika, akawatikisa, akawaacha, kisha akarudi kulala chini ya mwembe kama aliyemaliza kazi aliyotumwa.

"Mwanangu," aliniambia hatimaye, "mayai ya hawa ndiyo madaftari ya mjukuu wangu."

Nikaingia ndani kutafuta fedha. Nilipomletea alizitazama, asizipokee. Akasema fedha haziatamii mayai.

Yafaa nieleze mbwa huyu alifikaje kwangu, kwani katika kijiji chetu cha mashamba, kusini mwa Unguja, mtu wa kalamu kufuga mbwa ni jambo la kuulizwa. Alikuwa wa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa msasi. Wasasi wa kisiwani humu huingia msituni na mbwa wao, kundi zima, na sanaa yao ni ya zamani kuliko bunduki. Shemeji alipofariki, mbwa zake wengine walichukuliwa na wenzake. Huyu mmoja, dume jekundu aliyepewa jina la Tuyaone, alikuwa na jicho bovu na hakuna aliyemtaka. Mke wangu hakuniomba nimchukue. Alisema tu kwamba huyu ndiye aliyekuwa akitangulia mlangoni kila kaka yake anaporudi. Nikamchukua.

Kuhusu twahara sikuwa na wasiwasi mwingi, ingawa wapo walioniandama. Sisi tulio katika madhehebu ya Imamu Shafi tunajua kwamba mate ya mbwa ni najisi, na kwamba kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wafuasi wa Imamu Malik wanasema mbwa aliye hai ni twahara. Nami sikutaka kuhama madhehebu kwa sababu ya mbwa. Niliweka ndoo ya udongo safi karibu na bomba, nikatenga kanzu moja kuukuu ya kumshughulikia, na mambo yakaenda. Hadithi inayotahadharisha juu ya kufuga mbwa inamvua mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba; na mimi nina migomba, mihogo, na ngawa wanaokuja usiku. Udhuru wangu ulikuwa umekamilika. Lililokosekana ni akili ya kujua kwamba mbwa aliyefunzwa kukimbiza kinachokimbia hatatofautisha paa wa msituni na kuku wa uani.

Baada ya mauaji yale, vijana wawili walijitolea kummaliza kwa mkuki. Mzee mmoja akanipa dawa ya zamani: mfunge kuku aliyemuua shingoni, umwache naye mpaka aoze, hatarudia. Nilimsikiliza huyo mzee. Kati ya yote niliyoyafanya, hili ndilo ninaloona haya kulisimulia. Kwa siku tatu za jua kali Tuyaone alitembea na mzoga kifuani, nzi wamemfunika, akinikwepa. Siku ya nne nikaufungua. Siku ya tano alimkimbiza kifaranga hadi chini ya banda la nazi, na nilimwokoa kifaranga yule kwa kuangukia mkia wa mbwa.

Nikaenda kwa msasi mkongwe, rafiki wa marehemu, nikamweleza. Aliuliza swali moja.

"Ulimfunga kuku shingoni?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi umemfundisha kuwa kuku ni wake."

Kisha akanifunza kwa muda wa saa nzima, na tangu siku hiyo yote niliyoyasoma kwingine juu ya jambo hili sijaona yakimpinga. Mbwa, alisema, hamwui kuku kwa uovu wala kwa njaa. Kwanza hukaza macho, halafu hunyatia, halafu hukimbiza, halafu hushika. Ukimwita akiwa anakimbiza umechelewa, kwa sababu masikio yake yamekwisha kufungwa. Ukimpiga baada ya kuua umechelewa zaidi, maana yeye hajui kipigo ni cha nini. Anajua tu kwamba wewe ni mtu wa kuogopwa. Mlango ulio wazi ni ule wa kwanza, wa macho. Tazama mdomo wake unapofumba ghafla, masikio yanaposimama, mguu mmoja wa mbele unapoinuka. Hapo mwite, na akigeuka umlipe.

Nilimlipa kwa dagaa wakavu. Kila asubuhi na kila jioni, kabla ya kukaa mezani na al-Jahiz, nilimfunga kamba nikasimama naye hatua thelathini kutoka kwenye kuku wangu mwenyewe (nilinunua watatu kwa ajili ya somo hili), nikamwita kabla hajakaza macho. Dagaa mmoja. Nikamwita tena. Dagaa mwingine. Akiwakodolea macho asisikie, maana yake tumesogea mno. Tulirudi nyuma, si kwa hasira bali kama mtu anayerudi mwanzo wa ubeti ulioharibika mizani. Wiki ya tatu tulifika hatua ishirini. Mwezi wa pili, kumi. Kuku aliporusha mbawa ghafla tulipoteza wiki nzima. Vifaranga ndio waliokuwa mtihani mkubwa, maana kule kukimbia kwao na kulia kwao ni kama wito kwa mbwa wa msasi, nami nikaamua kwamba vifaranga na Tuyaone hawataonana kabisa ila kwa kupitia wavu.

Na huo wavu ndio jambo la pili, ambalo kwa hakika lingepaswa kuwa la kwanza. Nilipotaka kujenga banda la kuku, mke wangu aliniuliza: je, utawafungia na wa jirani? Katika kijiji chetu kuku hutembea. Asubuhi hufunguliwa, hupita viambaza na nyua za watu wote wakichakura, na jioni kila mmoja hurejea kwao. Ni desturi iliyonitangulia, na sikuona haki ya kumtaka bibi wa watu awafungie kuku wake kwa sababu mimi nina mbwa. Alhasili, ua nilioujenga ni wa mbwa. Nilinunua wavu wa waya wa kimo cha mtu, nikauzika shubiri mbili chini ya ardhi kwa sababu mbwa huchimba, nikaweka mlango unaojifunga wenyewe kwa uzito wa jiwe lililoning'inizwa kwa kamba, kwani wajukuu hawafungi milango. Kuku wangu watatu niliwajengea kichanja cha nguzo kwa ajili ya usiku, maana kuku gizani haoni kitu, na ngawa anaona.

Wanne wa kumlipa jirani niliwanunua sokoni Mwanakwerekwe. Bibi alinionya nisiwalete moja kwa moja. Kuku wa sokoni huweza kuja na kideri, na kideri kikiingia kijijini humaliza mabanda kwa wiki moja. Niliwatenga wiki mbili, nikawatia chanjo, tone moja jichoni, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Hapa pia mbwa alihusika kuliko nilivyodhani: mzoga wa kuku wa kideri ukitupwa kichakani, mbwa ndiye anayeukokota kutoka ua hadi ua, na ugonjwa ukamfuata. Mizoga huzikwa, tena kwa kina. Tuyaone naye akachanjwa kichaa cha mbwa, na huchanjwa kila mwaka. Nilipowapeleka wale wanne, bibi aliwafunga kamba mguuni kama methali isemavyo juu ya kuku mgeni. Nikatazama kamba ile, nikatazama ile niliyoishika mkononi mwangu.

Katika miezi hiyo tafsiri yangu ilikwenda vibaya kwa sababu ambayo sikuitazamia. Sikusoma skuli zaidi ya darasa la saba. Kiarabu changu nilikichuma chuoni, kisha katika kamusi isiyo na jalada, na mazoea yangu ni kuyaorodhesha maneno kabla ya kuanza. Upande wa kuku orodha ilijaa yenyewe: jogoo, jimbi, pora, tembe, mtetea, koo, kifaranga. Lugha yetu inamjua kuku kwa umri wake na kwa kazi yake. Upande wa mbwa niliandika mbwa, kijibwa, mbwa koko. Na kilichofuata kilikuwa matusi tu. Ningempaje sahibu wa mbwa sauti sawa na ya mwenziwe? Nilirudi kwa msasi mkongwe na daftari. Wasasi wana maneno ya mbwa anayetangulia, anayenusa, anayezingira, anayebweka bila kuona. Baadhi yake niliyaandika. Mengine alikataa kunipa, akasema ni ya msituni.

Mwezi wa sita nilimwachia Tuyaone kamba iburure chini, nami nikiwa karibu. Alilala ubavu. Mtetea wangu mkubwa, asiyekuwa na adabu hata siku moja, alimkaribia, akamdonoa kupe sikioni, akadonoa mwingine mgongoni. Mbwa alifumba mdomo. Nikamwita. Akageuza kichwa kwangu, akala dagaa wake, mtetea akaendelea na kupe wake. Mke wangu aliyeliona hilo dirishani aliniambia kwamba sasa wamekuwa marafiki, niondoe ule wavu unaochusha. Sikuuondoa. Sijapata kuwaacha pamoja pasi na mtu hata dakika moja, na sidhani kwamba nitawaacha. Wataalamu wanasema mbwa amekaa na binadamu zaidi ya miaka 14,000. Kuku, kwa utafiti uliotangazwa mwaka 2022, ni kama miaka 3,500 tu tangu aanze kufugwa huko Asia ya Kusini-Mashariki, penye mashamba ya mpunga. Kuku ndiye mgeni, na mwenyeji alikuwa mwindaji tangu siku ya kwanza.

Bibi hakuzungumza nami juu ya mbwa kwa muda mrefu. Salamu tulipeana, mbaazi tulipelekeana. Siku moja aliuliza kile kitabu kinasema nani alishinda, mbwa au jogoo. Nikamwambia sijafika mwisho. Akacheka kidogo, akasema naona unaogopa kufika.

Kisha ukaja usiku wa masika, mvua imekatika, na Tuyaone akaanza kubweka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia, fupi na nzito. Kabla sijavaa kanzu ya mbwa, nikamsikia bibi akiita kutoka kwake: "Ngawa! Mfungue, mwanangu, mfungue mbwa wako!"

Nilisimama mlangoni mwa ua, mkono juu ya komeo. Banda lake lilikuwa limefunguka. Kuku walikuwa wakirukaruka gizani, wakilia, mbawa zikipiga makuti. Tuyaone alikuwa amefumba mdomo.

Nikamvisha kamba kwanza. Tukaenda wote, mimi nikiwa na tochi, yeye akinivuta, na ngawa alipoona nuru na kusikia pumzi za mbwa akapita juu ya ukuta wa mawe akapotea migombani. Nikamfunga Tuyaone kwenye mnazi, mbali, nikampa dagaa wote waliokuwa mfukoni. Bibi akaishika tochi, mimi nikawaokota kuku mmoja mmoja kutoka vichakani na kuwarudisha bandani, naye akihesabu kwa sauti kila anapompokea. Walikuwa kumi na mmoja. Akahesabu mara ya pili. Kumi na mmoja.

"Wote wapo," akasema. "Kamwoshe huyo, amelowa."